Jiwe la Baba na Nyoka wa Midomo Myekundu

Bugarama, Rusizi,
Jumapili, 17 Machi 2024.

Mpendwa Yaya Ladislas, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwenye joto letu la Bugarama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Charlotte na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Na kifua cha Charlotte kinaendeleaje? Mwambie namwombea kila siku tangu Jumatano ya Majivu, na kama bado anakohoa ajue kosa si langu.

Sisi tupo. Goti langu la kushoto linalia kila ninapoinama kwenye tope, lakini mtu akifika miaka hamsini na bado anaweza kuinama, hana haki ya kulalamika. Mpunga umeshika vizuri, tuko kwenye palizi ya kwanza. Mvua imekuja na vyura wake, na kelele zao zinaishinda kwaya ya parokia. Binti yangu Benitha bado anauza unga kule mpakani, Rusizi ya Kwanza, na huja kuniona kila baada ya wiki mbili.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nimekupigia mara mbili mwezi huu, na mara zote mbili nimeishia kuuliza kama mvua imenyesha Mpanda. Jambo nililo nalo halipiti kwenye simu, kwa sababu nakujua: utakata, halafu utasema ni mtandao. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini Charlotte atakusanya vipande avisome.

Ndizeye, yule dereva wa lori la mchele anayepitia Rusumo kuja huko kwenu Tanzania, anaondoka kesho asubuhi na ameahidi kuiweka kwenye basi la Mpanda. Kwa hiyo lazima niimalize leo. Nimeshainuka mara tatu tangu nianze: mara ya kwanza kuangalia maharagwe jikoni, mara ya pili kufukuza kuku, mara ya tatu sikujua nimeinukia nini.

Yaya, ni habari ya jiwe la Baba.

Najua utamsomea mwanao Niyonsenga, kwa hiyo nianze mbali kidogo, maana yeye hakuyaona. Mwambie kwamba babu yake alipewa lile jiwe jeusi na padri mmoja mzee tulipokuwa tukiishi Luvungi, huko Kongo. Mtu akiumwa na nyoka, Baba alimchanja kwa wembe mpaka damu itoke, akabandika jiwe, nalo likang'ang'ania. Likishiba linaanguka lenyewe, linachemshwa kwenye maziwa, linarudi mkebeni. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa aje na nyoka aliyemuuma, amekufa. Mgonjwa akipona, Baba alimchuna yule nyoka na kuipigilia ngozi kwenye ubao. Tulipohamia huku mwaka wa tisini na sita wenzetu walivuka na magodoro, Baba akavuka na ubao kichwani. Alipofariki tukalikata jiwe kwa msumeno. Wewe ukaondoka na nusu yako, mimi nikabaki na nusu yangu na ubao. Hapo ndipo tulipoachana.

Sasa sikiliza. Mwishoni mwa Februari, Primitive, jirani yangu wa shamba, alikuwa anang'oa magugu kwenye tuta. Aliingiza mkono chini ya majani, nyoka akamuuma kidole. Watu wakamuua nyoka kwa majembe, wakaniletea wote wawili, Primitive akitembea na nyoka akiwa mfukoni. Nikachanja, nikabandika, jiwe likashika. Kidole kilivimba, na kesho yake kikanywea. Alikuja na kuku wa kunishukuru, na akina mama wa ushirika wakapiga vigelegele mlangoni kwangu. Sikufichi, nilijiona mtu mkubwa.

Jioni ya siku ile alipoumwa nilikuwa nimekaa mbele ya nyumba namchuna yule nyoka mapema, asije akaoza. Akapita Mzee Hakizimana, yule Mwislamu ambaye shamba lake limepakana na langu, anarudisha jembe la Primitive. Akasimama kunitazama.

"Maman Vénantie, na huyu naye unamutundika?"

Nikamuuliza kwa nini nisimtundike.

"Huyu iko nyoka ya vyura. Mi alinilumaka mara ine. Nilinawa mukono, nikaendelea kulima."

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii, naye anaona watu wanaletwa kwangu.

"Ningesema nini? Iko jiwe ya Mzee wenu. Na batu banapona."

Nilimjibu vibaya, Yaya. Nilimwambia wivu hautamsaidia, aende kwake. Akaweka jembe chini taratibu, akaenda zake, na hilo likaniudhi zaidi.

Lakini alikuwa ameshanitia shaka moyoni. Nikamgeuza yule nyoka na kumwangalia kwa utulivu, kwa mara ya kwanza maishani mwangu bila kumwogopa wala kumshangilia. Urefu wake haukufika mkono mzima. Mwili rangi ya majivu yenye ukijani, na vidoadoa vyeupe vidogo vimepangwa safu safu. Kichwa cheusi kinang'aa kama bilinganya. Na mdomo wa juu mwekundu wa machungwa, utadhani amelamba mawese.

Nikaenda kuuteremsha ubao ukutani. Nikafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, ngozi baada ya ngozi. Ziko kumi na tisa. Kumi na sita zina vidoadoa vile vile, zilizozeeka ilibidi niziinamishe kwenye mwanga ndipo vionekane. Mbili ni za wale wa kijani ambao hata watoto wanawachezea. Moja ni ya yule wa kahawia anayekula panya ndani ya nyumba. Nilihesabu mara ya pili, na mara ya tatu. Swila hakuna, piri hakuna, wale wanaoua watu, Yaya, hata mmoja.

Nikajiuliza, ina maana Baba hakuwahi kuletewa mtu aliyeumwa na swila? Aliletewa. Nawakumbuka watatu, na wewe unawakumbuka. Wote walikufa, na nyoka wao Baba aliwachoma moto, hakuwatundika. Kila mara alisema neno lile lile: jiwe lilichelewa. Halikuwahi kushindwa, lilichelewa tu, na kila lilipochelewa palikuwa na mtu wa kulaumiwa.

Siku nne sikula vizuri. Nilianza kazi hii nikaiacha, nikaanza ile nikaiacha, mpaka Benitha akaniuliza kama nina homa. Siku ya tano nikaifunga ngozi ya nyoka wa Primitive kwenye gazeti nikaenda kituo cha afya. Muuguzi alinifungulia kitabu chenye picha za nyoka, na ukurasa wa tatu nikamkuta rafiki yangu na midomo yake. Meno yake ya sumu yako nyuma kabisa ya kinywa, na sumu yenyewe ni ya kutosha chura. Binadamu anavimba kidogo, anaumwa, inapita. Akiogopa anatanua kichwa kikawa kipana, anafoka, na watu wanamdhania piri. Nikamweleza habari za jiwe. Hakucheka, na ningependa angecheka. Alisema mtu wa swila au piri akiletwa mapema kuna la kufanya, na kama ni lazima anapelekwa hospitali kubwa. Akipitishwa kwanza kwenye jiwe, mara nyingi anafika wakati umekwisha.

Unanijua, mimi si mtu wa kuamini karatasi. Nilirudi nyumbani nikasema vitabu vinaandikwa na watu wasiopalilia.

Halafu Jumanne ya tarehe tano nilikuwa peke yangu mwisho wa shamba, kando ya mfereji. Nilinyanyua rundo la magugu, nikahisi mwiba chini ya kidole gumba. Lakini mwiba hautafuni, na huu ulikuwa unatafuna. Nikakung'uta mkono, akaanguka kwenye tuta, akatanua kichwa kikawa pembe tatu, akafoka. Kila kitu ndani yangu kilisema piri, kimbia, jiwe liko mkebeni. Kutoka pale hadi nyumbani ni robo saa, na miguu ilikuwa imeshageuka.

Nikailazimisha isimame. Nikasema, Vénantie, tazama kwanza. Jicho lilikuwa la paka, mboni imesimama wima, lakini hata piri ana jicho hilo, kwa hiyo halikunisaidia. Nikatazama mwili. Piri ni mnene, mfupi, mgongoni ana alama kama mishale iliyopangwa. Huyu alikuwa mwembamba, na mishale haikuwapo. Alipojivimbisha, vidoadoa vyeupe vikatokeza katikati ya magamba. Kichwa cheusi. Nikasubiri ageuke, na alipogeuka nikauona mdomo, mwekundu. Akateleza mferejini akaenda kwenye vyura wake.

Nikakaa chini, Yaya. Kukaa kule kulikuwa kazi kubwa kuliko palizi ya msimu mzima. Niliinuka, nikakaa. Nilihesabu mistari ya mpunga nikapotea. Nilimlaani Hakizimana. Nilisali Salamu Maria nikaikatisha katikati kuangalia kidole. Niliwaza kwamba nikiwa nimekosea watanikuta uso kwenye tope, na wewe ukipigiwa simu utasema, bila shaka amechelewa kama kawaida yake. Kidole kilivimba, kikawa kinadunda, kichwa kikauma kidogo. Adhana ya alasiri iliposikika kutoka msikitini maumivu yalikuwa yameanza kushuka. Hapo ndipo nikaenda kituo cha afya, na yule muuguzi akanigombeza kuliko Mama alivyowahi kunigombeza.

"Maman, siku ingine muntu akilumwa, anakuya hapa kwanza. Kutazama nyoka ni muzuri, lakini hapana fanya mwili yako kuwa kitabu."

Ana haki. Wewe usifanye kama mimi. Kesho yake kidole kilikuwa kimerudi kama zamani, na jiwe lilikuwa bado limelala mkebeni, halijui chochote.

Nilikwenda kumwomba radhi Mzee Hakizimana. Alinipa chai, akasema mpunga wangu mwaka huu ni mzuri.

Wengine hawakuwa wapole hivyo. Nilipowaambia akina mama wa ushirika kwamba jiwe haliponyi, Primitive alidai kuku wake arudishwe, na kuku tulikuwa tumeshamla. Wiki iliyopita akaletwa kijana anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, ameumwa kifundoni, na nyoka wake kwenye ndoo. Safari hii alikuwa mnene, na mishale mgongoni. Sikumruhusu hata ashuke kwenye pikipiki. Nilimwambia dereva aende kituo cha afya bila kusimama. Mama yake aliniita mchawi mbele ya watu, ati nimemnyima mtoto wake jiwe. Yule kijana yuko hospitali, mguu umevimba vibaya lakini wanasema atatembea. Mama yake bado hajanisalimu.

Sasa nije kwako. Mwaka mpya uliniambia kwa furaha kwamba jiwe umemkabidhi Niyonsenga, kwamba watu wanawajia kutoka vijiji vya mbali, na kwamba kwa kuwa jiwe liko ndani huna haja ya barabara ya hospitali. Nilikupongeza. Leo nayarudisha pongezi hizo. Pori lenu si shamba langu la mpunga. Wewe mwenyewe ulinisimulia swila aliyetoka kwenye kuni za Charlotte. Siku moja ataletwa mtu wa swila, au Mungu apishe mbali ataumwa mmoja wenu, na Niyonsenga atakaa na wembe na jiwe akisubiri lishibe, na saa zitakwenda. Mkataze. Asimchanje mtu. Jueni leo nani jirani ana pikipiki, namba yake iandikwe ukutani palipowekwa jiwe, na mgonjwa apelekwe ametulizwa, hata kama nyoka anaonekana mdogo.

Najua ninachokuomba. Nakuomba umwambie mtoto wako kwamba babu yake alikosea. Usidhani kwangu ni rahisi, nimelia kwenye ubao ule kama siku ya mazishi. Baba hakudanganya mtu. Aliamini, na alikuwa akikaa na wagonjwa kutwa nzima amewashika mkono, na hakudai kitu. Tumtunzie hilo. Lakini mficha uchi hazai, na mimi sitaki heshima ya Baba ilindwe na maiti ya mtu.

Nisalimie sana Charlotte, nisalimie Niyonsenga na wadogo zake, na ule mgongo wako nao nausalimu. Benitha anakusalimu, anasema ulimwahidi kitenge. Mungu aliyetuvusha maji mengi awafunike na mkono wake, kuanzia kizingiti cha nyumba hadi mwisho wa shamba.

Nimesalimu wote, na barua ingeishia hapa. Lakini kalamu bado iko mkononi, na maharagwe yameshaungua, basi niseme lililobaki.

Siku ile ya Véronique, mdogo wetu, yeye alikuwa na miaka saba, mimi tisa, na wewe kumi na minne, ulikuwa shule. Swila alimuuma kwenye lundo la mabua ya pamba. Baba alimpakata, akaniambia mimi nikimbie nyumbani nilete mkebe wa jiwe. Nilikimbia. Penye daraja palikuwa na lori limekwama kwenye matope, wanaume wanalisukuma huku wanaimba, na mimi nikasimama kutazama. Sijawahi kumwambia mtu nilisimama kwa muda gani. Nililiona likitoka, likarudi kwenye tope, likasukumwa upya. Nilipofika na mkebe Véronique alikuwa amelegea macho, na jua halijazama akawa ametutoka. Baba akasema jiwe lilichelewa. Jioni, kwenye mkeka wa msiba, wewe uliniinamia sikioni ukasema: wewe ndiye uliyechelewa.

Ulikuwa mtoto, na ulikuwa unampenda. Lakini siku tulipogawana jiwe ulichukua nusu kubwa ukanitazama, na hapo ulikuwa mtu mzima. Sikubishana kwa sababu nilikuamini. Miaka arobaini na mmoja, Yaya. Mnanicheka kwamba siwezi kutembea polepole, kwamba mume wangu marehemu alikuwa anaona kisogo changu tu tukienda misa. Sasa unajua ninakimbilia wapi.

Nikiwa nimekaa kwenye tuta na kidole kinadunda, lile lori lilinirudia lote. Lilikuwa tupu, turubai limekunjwa nyuma. Lilikuwa linakwenda Uvira, mji wenye hospitali. Dereva wake aliniona nimesimama, akaniuliza natumwa wapi, nikamwambia nafuata jiwe, mdogo wangu ameumwa na nyoka. Akanihurumia. "Kimbia, mutoto," akaniambia, "jiwe isichelewe." Naye akarudi kusukuma lori lake.

Véronique hakuhitaji jiwe. Alihitaji lile lori. Wote tuliokuwa pale tulimpenda, na hakuna aliyejua, si dereva, si Baba, si mtoto wa miaka tisa.

Ukinijibu usiniandikie mengi, wala usinitetee Baba, hilo tutaongea tukionana. Niandikie mstari mmoja kwa mkono wako, kwamba sikuchelewa.

Mimi mdogo wako nikupendaye hata ukinuna,

Vénantie